Bayume Mohamed Husen: Askari mtoto wa Dar es Salaam aliyeigiza katika sinema za Berlin

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaingia vitani akiwa na miaka 10, akaonekana katika filamu zisizopungua 23 nchini Ujerumani, na akafia katika kambi ya mateso ya Wanazi. Haya ndiyo maisha ya Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye Berlin ilimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen.

Kwa msomaji wa Gitega, habari ya mtu huyu haianzii mbali. Mwaka 1912 Wajerumani waliyahamisha makao ya utawala wao wa Urundi kutoka Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, wakayapandisha milimani hadi Gitega, mji ambao wao waliuandika Kitega. Maofisa wa Kijerumani walikuwa wachache mno. Waliolinda boma, waliobeba barua, waliosimama nyuma ya afisa alipokwenda kuonana na mwami, walikuwa askari Waafrika waliotoka pwani, Unyamwezi, Manyema na hata Sudan, na lugha waliyoelewana nayo ilikuwa Kiswahili. Hadi leo, katika mitaa ya Waswahili ya Gitega na Muyinga, hukosi ukoo unaosimulia kwamba mzee wao wa kwanza alifika pamoja na boma: kama si askari, basi mpagazi, kama si mpagazi, basi mchuuzi aliyewafuata wote wawili.

Wengi wa wazee hao hawakuacha hata picha moja. Mwenzao mmoja aliacha picha zinazotembea na kusema. Kila filamu ya Kijerumani ya miaka ya 1930 iliyohitaji mtumishi mweusi, dereva, mpokea mizigo hotelini au askari wa Kiafrika, huenda ndiye huyo anayepita kwa nukta chache nyuma ya nyota wa filamu, na sinia mkononi.

Mtoto wa efendi

Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa tarehe 22 Februari 1904 katika mji wa Dar es Salaam, makao makuu ya koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, lililozikusanya pamoja Tanzania bara, Rwanda na Burundi za leo. Baba yake alikuwa Msudani, naye alifikia cheo cha efendi katika jeshi la kikoloni, Schutztruppe. Hicho kilikuwa cheo cha juu kabisa ambacho Mwafrika aliweza kupewa. Juu ya efendi alikuwapo Mjerumani, hata kama Mjerumani huyo alikuwa ameshuka melini juzi.

Wasudani hao walifikaje pwani ya Waswahili? Mwaka 1889 Hermann Wissmann aliajiri mjini Cairo mamia ya wanajeshi wa Kisudani, akawaleta kuuzima upinzani wa watu wa pwani uliokuwa ukiongozwa na Abushiri bin Salim. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huohuo. Wanajeshi wale walibaki, wakaoa, wakazaa, na jamii zao zikakua kandokando ya kambi za jeshi. Kwa wenyeji walikuwa watu wa serikali. Kwa serikali walikuwa Waafrika. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya namna hiyo alilelewa akiamini kwamba utumishi ni mkataba: wewe unatoa nguvu na damu, na mwenye jeshi anatoa mshahara, cheo na ulinzi. Imani hiyo ndiyo itakayomfikisha Husen Berlin, na ndiyo itakayomponza.

Kijana huyu alijifunza Kijerumani mapema, akafanya kazi ya ukarani katika kiwanda cha nguo huko Lindi, kusini mwa pwani. Vita vilipolipuka mwezi Agosti 1914, baba na mwana wote wawili waliingia jeshini. Mwana alikuwa na miaka 10. Alipewa nafasi ya mwanafunzi wa ishara, yaani wale waliofundishwa kupeleka habari kutoka kilima hadi kilima kwa bendera na kwa vioo vya kuakisi jua. Leo tungemwita askari mtoto, na kwa wasomaji wa ukanda wa Maziwa Makuu maneno hayo hayahitaji maelezo.

Vita vile vilifika hata Gitega. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo yaliuteka mji huo, na Urundi ikabadilisha mtawala wakati mwami wake, Mwambutsa wa Nne Bangiricenge, alikuwa bado mtoto mdogo asiyejua anachotawala. Wajerumani walirudi nyuma kuelekea kusini mashariki chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, wakipigana huku wakikimbia. Mwezi Oktoba 1917 walipambana na Waingereza huko Mahiwa, si mbali na Lindi, katika mojawapo ya mapigano yaliyomwaga damu nyingi kuliko yote katika vita vya Afrika Mashariki. Husen, aliyekuwa sasa na miaka 13, alijeruhiwa hapo akaangukia mikononi mwa Waingereza. Lettow-Vorbeck mwenyewe alisalimisha silaha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya vita kwisha Ulaya.

Katikati ya Dar es Salaam ipo sanamu ya shaba ya askari aliyeelekeza bunduki yake mbele, iliyozinduliwa mwaka 1927. Wageni wengi hudhani ni kumbukumbu ya askari wote wa vita vile. Ukweli ni kwamba iliwekwa na Waingereza kwa ajili ya Waafrika waliokuwa upande wao. Mtoto wa Dar es Salaam aliyepigania upande ulioshindwa hakuwekewa sanamu mjini kwao.

Deni la mshahara

Baada ya vita Husen aliishi maisha ya baharini. Alifanya utumishi katika meli mbalimbali za abiria, na mwaka 1925 alikuwa mhudumu wa chakula katika meli za kampuni ya Kijerumani, Deutsche Ost-Afrika Linie, zilizounganisha Hamburg na bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1929 alifika Berlin, akaenda moja kwa moja kwenye Wizara ya Mambo ya Nje. Hakwenda kuomba hisani. Alikwenda kudai mshahara wake wa vitani ambao haukuwahi kulipwa, pamoja na wa baba yake.

Madai yalikataliwa. Sababu aliyopewa ni kwamba alikuwa amechelewa. Muda wa kuwasilisha madai ulikuwa umepita.

Tendo hilo dogo la kukataliwa kwenye meza ya karani linafungua mlango wa kumwelewa mtu huyu. Anayezisoma habari zake mara ya kwanza huwa na haraka ya kumpanga, ama miongoni mwa wahanga au miongoni mwa vibaraka. Lakini mtu anayesafiri maelfu ya maili kudai mshahara anasema jambo jingine kabisa: anasema kuna hesabu kati yake na dola, na kwamba yeye ni upande mmoja wa hesabu hiyo. Kwa miaka 12 iliyofuata Husen aliendelea kuipelekea Ujerumani hati ya deni lilelile kwa namna mbalimbali, na kila mara alirudishwa.

Hakurudi nyumbani. Alibaki Berlin, akapata kazi ya mhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe kwenye uwanja wa Potsdamer Platz. Jumba hilo lilikuwa ulimwengu mzima chini ya paa moja. Lilikuwa na mgahawa wa Kituruki, baa ya mapori ya Marekani, na ukumbi wa mto Rhine ambamo kila baada ya muda ilitengenezwa dhoruba ya uongo, yenye radi na mvua. Wahudumu waliagiziwa mavazi ya kulingana na chumba. Kwa maana hiyo Husen alianza uigizaji kabla hajasimama mbele ya kamera: mteja alilipia bia pamoja na mandhari, na mhudumu mweusi alihesabiwa katika mandhari.

Alifundisha pia Kiswahili. Alikuwa msaidizi wa masomo ya lugha katika Chuo Kikuu cha Berlin na katika mafunzo ya maofisa na askari polisi. Jambo hilo linashangaza ukilitazama kalenda, kwa kuwa Ujerumani ilikuwa imepokonywa makoloni yake yote baada ya vita. Lakini palikuwa na vuguvugu lenye nguvu lililotaka yarudishwe, na maofisa wa koloni lisilokuwapo walikaa darasani wakijifunza ngeli kwa kijana wa Dar es Salaam, ambaye alilipwa kidogo na hakutambuliwa kuwa mwalimu kamili.

Hakuwa wa kwanza kupita njia hiyo. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kazi yake kuhusu desturi za Waswahili ilichapwa mwaka 1903 na bado inasomwa, alifundisha Kiswahili katika mji huohuo miaka 30 kabla yake. Mtoro alioa Mjerumani, na mwaka 1905 walipofika Dar es Salaam kwa meli wakuu wa koloni walikataa mke huyo asishuke, wakalazimika kurudi Ulaya. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927, miaka miwili kabla ya Husen kuwasili. Ama kweli Kiswahili kina makaburi katika miji ambayo hatuifikirii.

Ndoa na pasipoti

Tarehe 27 Januari 1933 Husen alimwoa Maria Schwandner, mwanamke Mjerumani aliyetoka upande wa Czechoslovakia. Siku tatu baadaye, tarehe 30 Januari, Adolf Hitler akawa Kansela.

Mwaka huohuo walipata mtoto wa kiume, Ahmed Adam, na mwaka 1936 wakapata binti, Annemarie. Husen alikuwa pia na mtoto mwingine wa kiume, Heinz Bodo, aliyezaliwa mwaka 1933 na mwanamke mwingine. Mtoto huyo alichukuliwa na kulelewa nyumbani kwa Husen na Maria, jambo ambalo halikuwa dogo kwa mke yeyote, sembuse kwa mke Mzungu wa Mwafrika katika Berlin ya wakati ule.

Mwaka 1934 Ujerumani ilianzisha nishani ya heshima kwa waliopigana katika vita vikuu. Husen, mwenye jeraha la Mahiwa, aliomba yake. Akakataliwa. Alichofanya baada ya hapo kinasimulia mengi: alikwenda kununua nishani na sare kwa wauzaji wa vifaa vya kijeshi, akavivaa, na akawa anasimama navyo kwenye mikutano ya hadhara ya wale waliodai makoloni yarudishwe. Umati ulimpenda. Alikuwa ushahidi unaopumua wa hadithi ambayo walitaka kuiamini, kwamba Waafrika waliwapenda watawala wao na walikuwa wakiwasubiri. Neno letu askari liliingia katika Kijerumani likiwa na kivumishi chake tayari: askari mwaminifu. Wizara ilimnyima nishani halisi. Umati ulimshangilia kwa ile ya kununua.

Haki nazo zilipungua. Baada ya mwaka 1935, mwaka wa sheria za ubaguzi za Nuremberg, hati yake ya kusafiria haikumtambua tena kama raia. Ndipo ilipobaki sehemu moja ambayo dola ilimhitaji waziwazi, nayo ni sinema.

Nyuma ya nyota wa filamu

Ili kuelewa ajira hiyo, msomaji aitazame studio ya Berlin ya miaka ya 1930. Filamu za safari, za visiwa vya mbali na za makoloni zilikuwa zikivuta watu. Afrika, Australia na Amerika ya Kusini zilijengwa kwa mbao na plasta ndani ya Ujerumani. Mitende iliweza kutengenezwa. Watu weusi hawakuweza. Kulikuwa na jamii ndogo ya Waafrika mjini humo, waliotoka Cameroon, Togo na Afrika Mashariki, na kadiri Wanazi walivyowafungia milango ya kazi nyingine, ndivyo studio zilivyogeuka kuwa karibu mlango pekee uliobaki wazi. Serikali iliyowachukia barabarani iliwahitaji ukutani, kwenye pazia la sinema. Mkongwe wao alikuwa Louis Brody, mzaliwa wa Douala nchini Cameroon, mwigizaji, mwimbaji na mpiga mieleka aliyekuwa kazini tangu zama za filamu zisizo na sauti.

Husen na Brody walikutana mwaka 1934 katika filamu iliyosimulia vita vya Afrika Mashariki, Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, iliyoongozwa na Herbert Selpin. Ilitokana na riwaya ya Kijerumani iliyobeba jina la Kiswahili, Kwa Heri. Ndani yake Husen alipewa nafasi ya Mustapha, mwanafunzi wa ishara. Kijana aliyekuwa mwanafunzi wa ishara katika vita halisi, na ambaye serikali ilikataa kumlipa kwa kazi hiyo, alilipwa na studio kuiigiza. Alikuwa sasa na miaka 30.

Filamu zilizofuata zilimpeleka pembeni mwa nyota wakubwa wa zama zile: Hans Albers, Heinz Rühmann, na Zarah Leander, mwimbaji na mwigizaji kutoka Sweden ambaye sauti yake nzito ilikuwa imeiteka Ujerumani. Katika Zu neuen Ufern ya mwaka 1937, Leander ni mwimbaji wa London anayehukumiwa na kupelekwa gerezani Australia. Msweden aliigiza Mwingereza, Ujerumani ikawa Australia, na mtu wa Dar es Salaam akawa mweusi wa popote palipohitajika. Mwongozaji, Detlef Sierck, aliikimbia Ujerumani muda mfupi baadaye, akajipatia jina Marekani kama Douglas Sirk. Kwa nyota wa Sweden na kwa mwongozaji palikuwa na mlango wa kutokea. Kwa Husen hapakuwa nao.

Mara nyingi jina lake halikuandikwa kabisa kwenye orodha ya waigizaji. Hata sisi tunaofasiri habari, ambao kila siku twapaswa kuchagua tahajia moja ya jina na kushikamana nayo, twapata taabu naye: Mahjub, Majub, Bayume, Husen, Hussein. Lakini ukiitazama sura yake katika vipande vilivyosalia, utaona kitu kisichokuwa katika maandishi ya mchezo. Anabeba sinia kama mtu aliyewahi kuwa mhudumu wa kweli, na anapiga saluti kama mtu aliyefundishwa saluti akiwa mtoto. Hao wengine waliigiza. Yeye alikuwa akikumbuka.

Sambamba na sinema, alishiriki pia katika Deutsche Afrika-Schau, maonyesho yaliyozunguka mijini yakiwaweka Waafrika jukwaani kwa ngoma na michezo. Maonyesho hayo yalikuwa mrithi wa yale ya zamani ya kuwaweka binadamu kama wanyama wa bustani, na Wanazi waliyatumia kwa propaganda ya makoloni hadi yalipofungwa mwaka 1940.

Mkono wa Damu

Jukumu lake kubwa kuliko yote lilikuja mwaka 1941, naye Selpin ndiye aliyeongoza tena. Filamu iliitwa Carl Peters, na Hans Albers alikuwa Peters mwenyewe.

Wasomaji wa Tanzania wanamjua Peters kwa jina ambalo Waafrika walimpa, Mkono wa Damu. Mwaka 1884 alizunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akiwatia watawala wa huko sahihi kwenye mikataba ambayo hawakuijua maana yake, na kutokana na karatasi hizo likazaliwa koloni zima ambalo Urundi ilikuja kuingizwa baadaye. Alipokuwa mkuu wa kituo Kilimanjaro, alimnyonga mtumishi wake Mabruk, kisha akamnyonga msichana Jagodja aliyekuwa amemweka kinyumba. Ujerumani yenyewe iliona aibu, ikamfukuza kazi mwaka 1897. Wanazi ndio waliomrudishia heshima, na filamu ya 1941 ilikusudiwa kumsafisha mbele ya taifa zima kwa kumwonyesha kama shujaa aliyesalitiwa na makarani, wanasiasa na Wayahudi.

Husen aliigiza Ramasan, kiongozi wa njia na mtumishi mwaminifu wa Peters. Kwa mara ya kwanza hakupita tu nyuma ya nyota. Alikuwa na jina, maneno na nafasi katika hadithi. Na nafasi hiyo ilikuwa ya mtumishi anayempenda bwana ambaye, katika maisha halisi, alimnyonga mtumishi wake.

Hapa ndipo ugumu wa kumkumbuka mtu huyu ulipo, na haifai kuuzunguka. Alihitaji mkate, na katika Berlin ya 1941 Mwafrika hakuwa na kazi za kuchagua. Vita vipya vilipoanza mwaka 1939 aliomba hata kuingia jeshini, akakataliwa, na hilo laweza kuwa ni njia ya kujisalimisha au imani ya kweli. Lakini sare hakulazimishwa kuinunua. Alikwenda dukani kwa miguu yake. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, Husen aliuchukua uongo wa askari mwaminifu akajaribu kuufanya kuwa dai: kama mnasema nilikuwa mwaminifu, basi nilipeni. Lilikuwa dai lenye akili. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba wale waliomshangilia walikuwa wanamtazama yeye.

Sachsenhausen

Carl Peters ilianza kuonyeshwa mwezi Machi 1941. Miezi michache baadaye, mwezi wa Agosti, Gestapo walimkamata Husen. Alituhumiwa kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe, kosa ambalo Wanazi waliliita kuchafua damu ya taifa. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen huko Oranienburg, kaskazini mwa Berlin, na watazamaji waliokuwa bado wakimwona Ramasan ukutani walikuwa wakimtazama mfungwa.

Mwongozaji wake naye hakumaliza salama. Mwaka 1942, akiwa katikati ya kutengeneza filamu ya meli Titanic, Selpin alikamatwa kwa maneno aliyoyasema dhidi ya wanajeshi, na mwezi Agosti akakutwa amenyongwa ndani ya chumba cha mahabusi.

Nyumba ya Husen ilikuwa imeanza kufungwa na kifo kabla hajakamatwa. Ahmed Adam alifariki mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka mitano hivi. Annemarie alimfuata mwaka 1939. Heinz Bodo alibaki hai hadi mwaka 1945, akafa kwa mabomu katika miezi ya mwisho ya vita. Kati ya watoto watatu hakuna aliyefikia utu uzima.

Husen alikaa Sachsenhausen miaka mitatu na zaidi. Alifariki huko tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na miaka 40. Ilibaki siku moja tu itimie miaka 26 tangu jeshi alilolitumikia utotoni liweke silaha chini kule Abercorn. Mwili wake ulichomwa, na majivu yakazikwa katika makaburi ya Reinickendorf mjini Berlin. Muislamu mtoto wa Muislamu hakupata sanda wala kuelekezwa kibla.

Jiwe la Brunnenstraße

Kwa miongo mingi hakuna aliyemuuliza. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali hatimaye kuwalipa askari wa mwisho waliokuwa bado hai Afrika Mashariki malimbikizo ya mishahara yao ya vita vya kwanza. Ni deni lilelile ambalo Husen alilipeleka wizarani mwaka 1929 akaambiwa amechelewa. Wakati huo alikuwa amekufa miaka 20.

Mtafiti wa Kijerumani Marianne Bechhaus-Gerst ndiye aliyeyafukua maisha yake kutoka kwenye majalada ya serikali, na mwaka 2007 akachapisha kitabu kizima juu yake. Mwaka 2013 mwongozaji Eva Knopf alitoa filamu ya maandishi, Majubs Reise, iliyotengenezwa kwa njia ya pekee: alizichukua filamu za zamani akawapuuza nyota waliokuwa mbele, akamfuata mtu aliyekuwa nyuma yao. Kwa hiyo Husen, baada ya miaka karibu 80 tangu filamu ile ya kwanza, alipata jukumu la mwigizaji mkuu.

Mwaka 2007 huohuo, mbele ya nyumba namba 193 katika barabara ya Brunnenstraße, eneo la Mitte, palipandwa kwenye njia ya waendao kwa miguu jiwe dogo lenye bamba la shaba ya njano, upana wake sentimita 10. Ni moja ya maelfu ya mawe ambayo msanii Gunter Demnig ameyaweka mbele ya makazi ya mwisho ya wahanga wa Wanazi, na ni miongoni mwa machache mno yanayomkumbuka Mwafrika. Anayetaka kulisoma hana budi kusimama na kuinama.